Nusu ya Pili ya Salamu Kuu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupigana na kutu, mhifadhi mkuu wa makumbusho yetu ya mchezo wa vitara anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Humu ndani tunamwita Bi Kutu. Analijua jina hilo tangu siku ya kwanza lilipotamkwa, na kwa muda mrefu alijifanya halijui ili asitunyime raha. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, mpiga picha, kazi ya kuandika wasifu wake, eti kwa kuwa nimekaa naye karibu kuliko wengine. Ukweli ni kwamba wengine wote walikataa. Bibi huyu husoma kila kinachoandikwa humu akiwa na kalamu nyekundu, na hakuna aliyetaka kurudishiwa karatasi yake ikiwa na majeraha siku ya sherehe. Basi na iwe. Akitaka kuisahihisha hii, atakuwa ameshastaafu.

Kwa wageni wa leo, vitara ni panga nyembamba za michezo ambazo ncha zake zimetiwa kifungo butu. Wachezaji wawili husimama kwenye ulingo mrefu, wamevaa koti zito na kinyago cha waya, wakitafutana kifua. Siku hizi waya na taa ndizo zinazosema nani ameguswa. Zamani hazikuwepo. Waamuzi walikodoa macho pembeni, lakini mtu wa kwanza kusema alikuwa mchezaji mwenyewe: ukiguswa, unainua mkono usio na kitara na kutamka kwamba umeguswa. Hakuna aliyekulazimisha, na ukinyamaza, watu walichukulia kwamba hukuguswa. Naomba msomaji aishike desturi hiyo, maana mambo yote yatakayofuata yamesimama juu yake.

Bi Kutu alipoajiriwa, makumbusho haya yalikuwa stoo yenye kufuli bovu na ndoo ya kukingia mvua. Vitu vyenyewe vilikuwa vimetawanyika majumbani mwa watu. Alivifuata kimoja kimoja, kwa miguu na kwa maneno matamu. Kinyago kilichopo kabati la pili alikikuta uani kwa mjane wa mchezaji mmoja, kinafunikia vifaranga. Mjane alisema kichukuliwe hata sasa hivi. Bi Kutu alivitazama vifaranga, akasema atarudi, na alirudi vilipokuwa vikubwa vya kutosha kujilinda. Mpaka leo kinyago hicho kina manyoya mawili ndani ya waya, na amekataa katakata yaondolewe. Anasema hayo nayo ni historia yake.

Alikuwa mkali, na sitaificha tabia hiyo kwa sababu ya maua na vitambaa vya leo. Hakuna mkono mtupu uliogusa chuma mbele yake, kwa kuwa jasho ndilo mama wa kutu. Mkurugenzi mmoja wa zamani aliwahi kunyoosha kidole kumwonyesha mgeni rasmi kitara cha kocha mwanzilishi, akajikuta anavishwa glavu nyeupe mbele ya mgeni huyo, kidole baada ya kidole, kama mtoto anayepelekwa shule. Juu ya mlango wa ukumbi wa mazoezi alibandika amri yake kuu: hakuna ncha bila kinyago. Kwa amri hiyo amewafukuza mabingwa, wafadhili, na mimi mwenyewe mara nyingi, ingawa nilichokuwa nimeshika ni kamera.

Namna yake ya kukusanya kumbukumbu ilikuwa ya peke yake. Wenzetu wa makumbusho mengine humkalisha mzee kwenye kiti, wakampa maji, wakamwuliza maswali. Yeye aliondoa kiti. Alimpa mzee fimbo nyepesi, akamwambia asimame kama alivyokuwa akisimama, aonyeshe. Mzee aliyekuwa anasema amesahau kila kitu alianza kusogeza unyayo, kisha goti, kisha mkono ukanyanyuka wenyewe. Bi Kutu alikuwa akisema mguu hausemi uongo kwa sababu haujui kupamba. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, na kwa njia hiyo tumehifadhi zaidi ya nusu ya yale ambayo vijana wa klabu wanajifunza leo.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomshinda, nacho ni Salamu Kuu.

Salamu Kuu ni mchezo wa kupanga, wa watu wawili, uliofungua mashindano yote ya zamani. Kocha mwanzilishi ndiye aliyeubuni. Wachezaji wanakutana katikati ya ulingo bila vinyago, nyuso wazi, wanashambuliana na kukingana kwa mpangilio, kila pigo likijibiwa, na hakuna anayemgusa mwenzake. Ulikuwa uungwana wetu wote katika dakika chache. Kocha alifariki bila kuiandika. Aliyebaki akiijua alikuwa baba yake Bi Kutu, bingwa wa zamani, ambaye kikombe chake kimesimama kwenye kabati la katikati tangu makumbusho haya yafunguliwe. Mzee alimfundisha binti yake nusu yake, yaani hatua za upande mmoja tu. Alisema zilikuwa sehemu sita, na kwamba aliicheza na kocha. Picha za kocha na mzee zilikuwepo, kwa hiyo Bi Kutu hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Nusu ya pili aliibuni mwenyewe kwa akili: hapa baba anakinga, basi mwenzake lazima alishambulia, hapa baba anarudi nyuma, basi mwenzake alisonga.

Ikakaa karibu sawa. Karibu tu. Kila mara sehemu ya tano iliwagonganisha wachezaji. Walibadilishwa, wakafupishwa hatua, wakapangwa upya, lakini vitara viliendelea kupishana hewani kama watu wawili wanaogombea kupita mlango mmoja. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya wazi, ncha ya mmoja iliteleza begani mwa mwenzake, ikapenya ndani ya kinyago ambacho Bi Kutu aliwalazimisha kuvaa na ambacho kilikuwa kimelegea, ikaacha mstari mwekundu shavuni, chini ya jicho. Bi Kutu alipanda ulingoni akavichukua vitara vyote viwili, akatangaza kwamba Salamu Kuu haitachezwa tena mpaka atakapoielewa, na kama hataielewa kabla ya kustaafu, basi izikwe.

Jioni ile mlinzi wa getini alimletea ujumbe. Kulikuwa na mzee mmoja amesimama nyuma kabisa ya ukumbi, hakukaa, hakusaini kitabu cha wageni. Alipokuwa anatoka alimwambia mlinzi: "Mwambie yule mama mwenye glavu, nusu ya pili ni ya mkono wa kushoto. Atajua nani kasema."

Nilikuwepo. Nilimwona Bi Kutu anakaa juu ya kasha la vinyago, yeye ambaye hajawahi kukalia kifaa cha makumbusho. Alijua nani kasema. Mtu pekee wa shoto aliyewahi kufundishwa na kocha alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, na mjomba huyo hakuwa amekanyaga jengo hili wala nyumba yao kwa miaka hamsini. Bi Kutu alikuwa ameipanga nusu ya pili kwa ajili ya mtu wa kulia. Kosa hilo angeweza kulifanya yeyote aliyekulia katika nyumba ambayo jina la mjomba halitajwi mezani.

Hadithi yenyewe aliniambia siku iliyofuata, akiwa anafuta ubapa mmoja uliokuwa hauna doa. Baba yake na mjomba wake walikuwa wanafunzi wawili bora wa kocha. Kocha aliipangua Salamu Kuu ya zamani, akaitengeneza upya kwa ajili yao, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, na waliokuwepo wanasema ilikuwa inapendeza mno. Ni mjomba aliyempeleka rafiki yake nyumbani, na ni huko alikomwona dada mtu akamwoa. Urafiki ukawa ushemeji. Kisha ikaja fainali iliyowakutanisha. Wakiwa sare, pigo moja kutoka mwisho, mjomba alinyoosha kitara na akasema amegusa. Alikuwa amewageuzia mgongo waamuzi wawili waliopaswa kuona, kama inavyotokea kwa mtu wa shoto. Waamuzi waligawanyika. Watu wote wakamtazama baba yake Bi Kutu, kwa kuwa desturi ilikuwa ile niliyoieleza. Mkono wake haukuinuka. Mchezo ukaendelea, pigo lililofuata likawa lake, na kikombe kikawa chake.

Bi Kutu alikuwa na miaka minane, amekaa na mama yake jukwaani. Hakuona pigo. Anachokumbuka ni kwamba baba alitoka kwa mlango wa mbele na mjomba kwa mlango wa nyuma, na mama akasimama akiwa amemshika mkono, hajui afuate upi.

Tangu siku hiyo shemeji hawa wawili hawakusemeshana. Hata misiba ya familia walihudhuria kwa zamu, mmoja asubuhi, mwingine jioni, na ndugu walijifunza kuwapangia muda bila kuambiwa. Sasa ilionekana kwamba Salamu Kuu imekaa ndani ya wazee wawili, kila mmoja nusu yake, na nusu hizo hazipandi jukwaa moja. Na muda ulikuwa mfupi, kwa sababu macho ya baba yalikuwa yanazimika. Daktari wa macho alishawaambia kwamba kinachoziba ni katikati: pembeni mzee ataendelea kuona kwa muda, lakini kilicho mbele yake moja kwa moja kimekuwa ukungu.

Nakiri kwamba nilimshauri aachane nayo. Nilimwambia mavi ya kale hayanuki, wayachokonoe ya nini. Alinijibu kwamba haya yalikuwa yananuka kila siku, ila watu walikuwa wameyazoea.

Alimfuata mjomba kwenye kibanda chake cha kutengeneza cherehani. Mzee alimsikiliza huku amempa mgongo, anakaza skrubu kwa mkono wa kushoto. Mwishowe alisema atakuja, kwa masharti. Salamu ichezwe yote, pamoja na sehemu ya tano. Ichezwe kama ilivyokuwa, yaani nyuso wazi. Na apewe kitara chake mwenyewe, kile kilichopo kabatini. Bi Kutu alirudi akiyarudia masharti hayo. Amri yake ya miaka yote ilikuwa hakuna ncha bila kinyago. Na kitara kile alikijua kuliko mtu yeyote duniani: karibu na ncha, kutu ilikuwa imekula vishimo ambavyo hakuna mafuta yanayoviziba. Ubapa wa zamani ukikunjika hukatika, na ukikatika, kile kifungo butu hakipo tena.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu zaidi. Baba yake aliweka kijiko mezani na kusema: "Nilikufundisha yangu. Ya kwake si yangu kufundisha." Mambo yangeishia hapo kama mama hangekuwepo. Mama huyo, mwanamke mdogo wa umbo anayepika na kufunga redio bila kuomba ruhusa, hakuwahi kuingilia jambo lile. Safari hii alifuta mikono, akasimama mbele ya mume wake mahali ambapo hawezi kumwona vizuri, akamwuliza swali moja. "Siku yangu mimi ikifika, nani atakuja asubuhi na nani jioni?"

Mzee alikubali. Naye alitoa masharti yake: hawatasemeshana, na shemeji yake asiambiwe habari ya macho.

Waliofika siku ya kurekodi walikuwa wachache. Ilikuwa asubuhi, jua linaingia kwa madirisha ya juu na kulala kwenye mbao za ulingo. Mama alileta kiti chake mwenyewe, akakiweka pembeni, kisha akakigeuza na kukaa akiutazama ukuta. Alisema aliona mara moja na ilimtosha. Bi Kutu alifungua kabati akiwa na glavu zake, akatoa vitara viwili. Kile cha mjomba alikikunja kidogo, akakisikiliza karibu na sikio, akakikunja tena. Nilidhani atakirudisha kabatini. Alikitoa, akamkabidhi mjomba. Nilitaka kusema neno nikakumbuka kwamba kazi yangu ni kushika kamera.

Wazee walivaa koti zilizowapwaya. Walisimama kila mmoja mwisho wa ulingo, na kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini wakatazamana, kama kutazamana ndiyo jina lake, maana mmoja wao alikuwa anatazama kidogo pembeni. Mjomba alikunja uso. Nadhani aliona ni dharau. Bi Kutu aliona alichokiona mjomba, na hakuweza kusema, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

Wakainua vitara, wakaanza.

Sehemu ya kwanza ilikaa sawasawa. Vitara ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa vinakosana hewani vilikutana kwa mlio mdogo safi. Kila hatua ya baba ilipata hatua ya mjomba ikiisubiri. Ya pili, ya tatu, miguu imezeeka lakini haijasahau. Kwenye ya nne mjomba aliongeza kasi kuliko ilivyohitajika. Hilo halikuwa kwenye mpango. Baba alikinga, akarudi, akakinga tena, na nikaona shingo yake imekauka kwa kusikiliza. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa hachezi kwa macho hata kidogo. Alikuwa anacheza kwa masikio.

Sehemu ya tano inakwenda hivi. Mjomba anapiga kishindo cha mguu ubaoni. Kishindo hicho ni ishara: baba anasonga hatua moja mbele, kifua wazi, huku mjomba akinyoosha kitara chote. Wakipatana, ncha inasimama upana wa kidole kutoka kifuani, upande uleule wa pigo la fainali. Baba akichelewa, atasonga wakati mkono wa mjomba umeshafika, na kitara kitakunjika. Pale kwenye vile vishimo.

Mjomba alijiandaa. Goti lake, ambalo hakumwambia mtu kwamba ni bovu, likakataa. Mguu uliteremka taratibu ubaoni bila sauti yoyote, na mkono ukaanza kunyooka.

Baba alikuwa amesimama anasubiri kishindo ambacho hakikuja.

Bi Kutu alikanyaga. Alikuwa pembeni ya ulingo na viatu vyake vya ngozi vya kazini, akapiga ubao kwa mguu wake wote, mahali penyewe hasa katika mwendo ambapo kishindo kilitakiwa kuwa. Hesabu ya mwendo ule alikuwa nayo kwenye mifupa. Baba akasonga. Kitara kikanyooka. Ncha ikasimama mbele ya koti lake, inatetemeka kidogo, haijagusa.

Hakuna aliyetikisika. Niliwaona wote watatu kwenye kioo cha kamera yangu, na nikasikia mashine ikizunguka mikononi mwangu. Mpango ulitaka wabaki hapo kwa pumzi moja, kisha baba arudi nyuma kuanza sehemu ya sita. Hakurudi. Alihamisha uzito wa mwili wake, akainua mkono wake wa kushoto, ule usio na kitara, juu kabisa.

"Nimeguswa," alisema.

Mjomba alishusha macho kwenye ncha yake. "Sijakugusa, shemeji. Ncha hii hapa, iko nje."

"Sisemi ya leo."

Ninafanya kazi ya picha, na nimepiga harusi, ajali na mabingwa wakilia. Sijaona uso uliobadilika kama wa mjomba yule. Haukuwa na furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa anasukuma mlango kwa miaka yote, halafu mlango umefunguliwa ghafla na yeye hana pa kuegemea. Kitara chake kilishuka mpaka ncha ikagusa ubao. Alimtazama shemeji yake kwa karibu sasa, akaona macho yale yanamkosa kidogo tu, yanatazama sikio lake badala ya uso, na nadhani hapo ndipo alipojua lile lingine pia. Bi Kutu alikuwa amejiziba mdomo kwa glavu.

Kutoka kwenye kile kiti kilichogeukia ukuta, sauti ya mama ilisikika. "Kuna damu?"

Hakuna aliyemjibu, na kwa kuwa hakujibiwa aligeuka. Ndiyo maana aliona sehemu ya saba.

Ndiyo, ya saba. Mzee alikuwa amemfundisha binti yake sita akasema zimekwisha, na binti huyo alikuwa amezihifadhi sita hizo kwa uaminifu wake wote. Ya sita wazee waliimaliza polepole, bila haraka tena. Kisha, Bi Kutu alipodhani wamemaliza, hawakuachana. Katika mchezo wetu watu hupeana mkono usio na kitara. Kwa wawili wa kulia ni rahisi, kushoto kwa kushoto. Kwa hawa kulikuwa na tatizo: mmoja ana mkono wa kushoto mtupu, mwingine wa kulia. Kocha alilitatua kwa kuwaambia wasivuke. Kila mmoja anyooshe mkono wake mtupu mbele moja kwa moja, na itakutana. Baba alinyoosha wa kushoto kwenye ukungu wake. Mjomba akanyoosha wa kulia, akaukuta ule mwingine, akaushika. Wakasimama wameshikana vile kama watoto wawili wanaosubiri kuvuka barabara. Hicho ndicho ambacho hawakukifanya siku ya fainali, na ndiyo sababu mzee hakuweza kukifundisha.

Nitasema ya kikombe kwa ufupi, kwa kuwa wageni watauliza. Siku hiyohiyo mzee aliomba kabati la katikati lifunguliwe, apewe shemeji yake. Mjomba alikataa. Alisema nyumbani kwake mke wake atakitia vitunguu, na kwamba kikae palepale ila maandishi yake yawe ya kweli. Bi Kutu aliyaandika mwenyewe. Alikuwa amekifuta kikombe hicho kila wiki tangu aajiriwe, akiamini kila neno lililokuwa chini yake, na sitasema uongo kwamba siku ile hakulia. Alilia sana, ofisini, mlango wazi. Aliniambia hakumlilia baba bingwa. Alimlilia baba aliyekaa na siri hiyo peke yake muda wote huo. Maandishi mapya yanasema kwamba pigo la fainali lilikubaliwa na aliyeguswa, kwamba lilikubaliwa kwa kuchelewa, na kwamba alilikubali mwenyewe bila kulazimishwa. Kalamu yake nyekundu haikupata la kufuta.

Tangu hapo mambo yamekwenda. Macho ya mzee sasa yanatambua mwanga tu. Mjomba humpitia nyumbani na kumleta ukumbini akiwa amemshika mkono, na wakifika hubishana kuhusu hatua za sehemu ya tatu kwa sauti ambayo wageni hulalamikia mapokezi. Mama huja nao na kiti chake, na hakigeuzi. Salamu Kuu inafundishwa klabuni nusu zote mbili, sehemu saba, na tumelazimika kuwatafuta wachezaji wa shoto kama tunavyotafuta fundi bomba siku ya sikukuu. Amri ya vinyago imerudi mlangoni kama ilivyokuwa. Chini yake Bi Kutu ameongeza kwa mwandiko wake: isipokuwa Salamu Kuu, na kwa vitara vipya.

Kitara cha mjomba kimerudi kabatini, na hakitatoka tena. Bi Kutu amemwonyesha mhifadhi anayempokea kila kishimo cha kutu kilichopo, akimwelekeza kidole bila kugusa. Tumepewa makabati, glavu, mikanda ya filamu na ukali wake wote tuutunze. Tutajitahidi, mama. Tukishindwa tunajua utakuja getini na kututumia ujumbe kwa mlinzi, kwa kuwa ndivyo familia yenu mnavyofanya.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kila ulichookoa na kwa kila kidole chetu ulichokipiga kofi. Upumzike vizuri, uamke umechelewa, ukae na wazee wako wote watatu kwenye meza moja, na chuma pekee utakachokishika kiwe kijiko.

Jambo la mwisho kwa wageni. Mwisho wa ratiba ya leo tutapanga mstari mlangoni kumuaga, na kila atakayefika atapewa mkono wa kushoto. Najua kwa wengi wetu mkono huo ni wa dharau. Wake si wa dharau. Usimpe wa kushoto wako, na usimwambie abadilishe. Nyoosha wa kulia moja kwa moja, na utakutana na wa kwake.